Fomu Iliyomrudisha Binti Yangu Nyumbani

Ilikuwa yapata saa nne na nusu usiku niliposikia ufunguo ukizungushwa mlangoni. Mjukuu wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miezi minne, alikuwa amelala begani kwangu baada ya kulia kwa muda mrefu. Maziwa ambayo mama yake alimkamulia asubuhi na kuyaweka kwenye friji yalikuwa yamekwisha tangu saa moja. Mkwe wangu alikuwa ameketi mbele ya televisheni iliyozimwa. Chakula chake kilikuwa mezani, kimefunikwa, kimepoa.

Binti yangu aliingia, akavua viatu, akanawa mikono, akamchukua mtoto bila kusema neno. Baba mtoto naye hakusema neno. Mama mpendwa, wewe uliye katika ndoa unajua kwamba nyumba ikifikia hapo, ni afadhali watu wagombane kuliko kunyamaza.

Mwaka ulikuwa 2019. Nilikuwa nimepanda treni kutoka Mombasa kwenda Nairobi kumsaidia binti yangu baada ya kumalizika likizo yake ya uzazi, ile ya miezi 3 ambayo sheria ya Kenya inampa mama aliyeajiriwa. Nilidhani nitakaa wiki 2 tu. Wiki ya sita ilinikuta nikiwa bado pale pale. Na nisikufiche: usiku wa namna ile hata mimi mzazi wake nilianza kuwa na mawazo. Ni kazi gani hii ya kuketi mbele ya kompyuta isiyokwisha mpaka watu wamelala? Kila nilipomwuliza alinijibu, "Mama, naunganisha picha." Basi. Kana kwamba kuunganisha picha ni jambo linalojulikana na kila mtu, kama kusuka ukili.

Jumamosi moja nikamwambia, "Leo mwanangu utaketi hapa unionyeshe hiyo kazi yako. Nami niliajiriwa miaka 27. Si mjinga."

PAZIA LA KIJANI

Alikuwa na kompyuta ya mkononi ambayo ofisini walimruhusu kuja nayo nyumbani. Akaifungua, na hapo nikaona picha ya msichana ameshika simu. Kioo cha ile simu kilikuwa kijani kitupu, na nyuma ya msichana, badala ya ukuta, kulikuwa na pazia refu la kijani. Akabofya mara mbili tatu. Pazia likatoweka, na mahali pake pakaja soko lenye watu na mafungu ya nyanya. Kisha kioo cha simu nacho kikapata maandishi. Msichana alikuwa hajasogea hata kidogo.

Kijani hutumiwa, alinieleza, kwa sababu ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, haikaribiani na rangi hiyo, hivyo kompyuta huweza kutofautisha mtu na pazia. Ndiyo maana msichana hakuruhusiwa kuvaa blauzi ya kijani siku ya kupigwa picha. Angeivaa, soko lingeonekana kupitia tumboni mwake.

"Hili ni tangazo la biashara la sekunde 30," akasema. "Na kila sekunde moja ina picha 25."

Nikapiga hesabu kichwani. Picha 750! Kila moja ya hizo inabidi ikae sawasawa, vidole vya msichana visikatwe, nywele zake zisiwe na ukingo wa kijani, mwanga wa usoni ukubaliane na jua la sokoni. Nikaanza kuelewa kidogo kwa nini macho yake yalikuwa mekundu.

Ujanja wenyewe si wa leo. Mfaransa Georges Méliès, mwaka 1898, alitengeneza filamu ambamo anaonekana aking'oa kichwa chake na kukiweka mezani, kisha kinaota kingine. Alifanya hivyo kwa kutumia weusi nyuma ya picha na kuupitisha mkanda ule ule ndani ya kamera zaidi ya mara moja. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi kazi hiyo hufanywa na programu ya kompyuta. Anayotumia binti yangu inaitwa Nuke. Ilianza kutengenezwa mwaka 1993 na kampuni ya Digital Domain ya Marekani kwa ajili ya kazi zao wenyewe. Walioitazama filamu ya Titanic ya mwaka 1997 wameona kazi ya watu hao bila kujua. Mwaka 2002 programu ikaanza kuuzwa kwa watu wengine, na tangu 2007 imo mikononi mwa kampuni ya Foundry ya London.

Ukiitazama kwenye kioo, Nuke inafanana na mchoro wa ukoo. Kuna visanduku vidogo vinavyoitwa nodi, vimeunganishwa kwa mistari. Cha juu kinasoma picha kutoka kwenye faili. Kinachofuata kinaondoa kijani. Kingine kinarekebisha rangi. Kingine kinamweka msichana juu ya soko. Cha mwisho kabisa chini kinaiandika picha iliyokamilika na kuihifadhi.

Nilimwuliza kama kuna wanawake wengine katika kazi hii. Akacheka. Akaniambia kwamba mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Oscar ya ufundi huu wa picha alikuwa Suzanne Benson, kwa filamu ya Aliens iliyotoka mwaka 1986. Baada yake ilipita karibu miaka 30 mpaka alipopatikana wa pili, Sara Bennett wa Uingereza, mwezi wa Februari 2016, kwa filamu ya Ex Machina. Wawili tu kwa muda wote huo. Nilinyamaza nikamtazama binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa ananyonyesha kwa mkono mmoja na kubofya kwa mkono mwingine.

"KWA NINI HAMNA FOMU?"

Basi akaendelea kunionyesha, na hapa ndipo nilipogundua jambo. Kabla ya kuanza kipande kimoja cha filamu, kabla hata ya kugusa ile kazi yenyewe ya ufundi, alikuwa anafanya mambo yale yale. Anafungua folda, anatafuta picha za kipande hicho, anaweka namba ya picha ya kwanza na ya mwisho, anachagua ukubwa, anaweka visanduku vile vile vitano, anaviunganisha, kisha anaandika kwa vidole mahali pa kuhifadhi: jina la tangazo, jina la kipande, namba ya toleo, namba ya picha yenye tarakimu 4. Herufi moja ikikosewa, picha zinakwenda kusikojulikana.

Nilitazama saa. Ilimchukua karibu dakika 8. "Una vipande vingapi?" nikauliza. Akasema matangazo yalikuwa 6 na vipande vyote pamoja 64. Sasa zidisha, mama mwenzangu. Dakika 512. Ni saa 8 na nusu, yaani siku nzima ya kazi, bila kuunganisha hata picha moja! Na mteja akitaka mabadiliko, sehemu kubwa inarudiwa.

Mimi nilikuwa karani wa kumbukumbu za wagonjwa. Miaka yote 27 niliyokaa dirishani nilifanya kazi na fomu, na kama kuna kitu ninachokijua chini ya jua hili ni fomu. Nikamwambia, "Mwanangu, kwa nini hamna fomu? Mtu ajaze jina la kipande, aseme ndiyo, na hayo mengine yajifanye."

Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Ipo njia, Mama. Inaitwa paneli. Lakini lazima mtu aiandike mwenyewe, na mimi sina hata nafasi ya kuoga."

Hilo lilikuwa kweli, sikuweza kumlaumu. Nikamjibu kwamba Jumamosi mbili zinazofuata mtoto angekuwa wangu kutwa nzima, isipokuwa wakati wa kunyonya. Mkwe wangu, ambaye alikuwa akisikiliza kutoka chumbani, alitokeza kichwa mlangoni akasema kwamba yeye angepika. Nadhani ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza ndefu wiki ile.

JUMAMOSI YA KWANZA

Paneli ni kidirisha. Unakiita kutoka kwenye orodha ya programu, kinatokea, kinakuuliza maswali, na chini yake kuna vitufe viwili: kubali na ghairi. Walioitengeneza Nuke hawakuweza kujua kila ofisi duniani ina maswali gani, kwa hiyo waliacha mlango wazi ili mtumiaji aandike vidirisha vyake mwenyewe. Lugha ya kuandikia inaitwa Python. Aliibuni Mholanzi, Guido van Rossum, na aliitoa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1991. Jina hilo halikutokana na chatu bali na kundi la wachekeshaji wa Kiingereza aliowapenda. Ndani ya Nuke iliingizwa mwaka 2008, katika toleo la 5.

Nilidhani nitaona mahesabu ya kutisha. Sivyo. Paneli yake ya kwanza haikufika hata mistari 10. Mstari mmoja unasema: tengeneza paneli, na jina lake ni hili. Mwingine: weka nafasi ya kuandika jina la kipande. Mwingine: weka orodha ya kuchagua ukubwa wa picha. Mwingine: weka kisanduku cha kutia alama. Wa mwisho unasema: ionyeshe. Baada ya hapo inafuata sehemu ya pili, ambayo inachukua majibu ya mtu na kuviweka visanduku vile vitano, kuviunganisha, na kuandika mahali pa kuhifadhi.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyomchosha. Lakini kuna siri aliyonionyesha ambayo niliipenda. Katika Nuke kuna dirisha la kuandikia amri, nalo linaweza kurekebishwa ili kila unachofanya kwa mkono kiandikwe pale kwa lugha ya Python. Unaunganisha visanduku viwili kwa kipanya, nayo inakuandikia mstari wake. Hivyo alifanya kazi mara moja kwa mkono kama alivyozoea, akaitazama programu inavyojiandikia, akanakili alichokihitaji. Jambo moja la kuangalia ni nafasi zilizo mwanzoni mwa mistari. Python inazijali mno. Mstari uliosogezwa ndani unahesabiwa kuwa chini ya ule ulioutangulia, na ukiusogeza vibaya kazi yote inagoma.

Saa tisa alasiri aliniita. Kidirisha kilikuwa kimetokea, kizuri, kina swali na vitufe. Akajaza, akabofya kubali, na visanduku vitano vikajipanga chini vyenyewe. Alipiga makofi mpaka mtoto akashtuka.

Nikamwuliza, "Na mtu akighairi?"

Akabofya ghairi. Visanduku vitano vikajipanga tena vile vile.

Tulicheka sana siku ile. Kumbe paneli, ikifungwa, inarudisha jibu la ndiyo au hapana, na ni juu ya mwandishi kulisoma jibu hilo kabla ya kuendelea. Yeye alikuwa amesahau kulisoma. Aliongeza mstari mmoja, ikawa sawa.

Kisha akaiweka mahali pake. Nyumbani kwa kila mtumiaji wa Nuke kuna folda yenye jina .nuke, na ile nukta ya mwanzo huifanya ifichike kwenye baadhi ya kompyuta. Ndani yake huwekwa faili mbili. Ya kwanza ni init.py, ambayo husomwa kila Nuke inapoamka, hata usiku inapotengeneza picha bila mtu yeyote. Ya pili ni menu.py, ambayo husomwa pale tu madirisha yanapofunguliwa mbele ya mtu. Paneli yetu iliingia kwenye menu.py. Fomu si ya mashine ya usiku, maana hakuna wa kuijaza.

KILIO CHA ALHAMISI

Wiki iliyofuata alirudi mapema siku tatu mfululizo. Nikaanza kukunja nguo zangu tayari kwa safari. Alhamisi jioni simu ikalia, naye analia. Wenzake ofisini walikuwa wameipenda ile paneli na kuanza kuitumia. Kulikuwa na nafasi ya kuandika namba ya toleo, na yeye alikuwa ameiwekea 1 ili mtu aibadilishe. Mwenzake mmoja kijana alisahau kuibadilisha. Kazi yake mpya ikaandikwa juu ya toleo la 1 la kipande ambacho mteja alikuwa amekwisha kukikubali. Picha 96 zikafutika. Hakuna aliyegundua mpaka mchana.

Alifika nyumbani saa saba usiku. Alikuwa ameambiwa mbele ya watu kwamba akome kuchezea mambo asiyotumwa. Alitaka kuifuta paneli yote.

Nilimpa uji, nikamwacha anywe. Kisha nikamwambia kitu ambacho kwangu kilikuwa cha kawaida kabisa. Kule dirishani kwetu, mgonjwa mpya alipokuja, hatukumwuliza, "Namba yako mpya ya kadi ni ngapi?" Angejuaje? Sisi tulifungua daftari, tukatazama namba ya mwisho, tukampa inayofuata. Kosa la yule kijana halikuwa la kijana. Fomu ilimwuliza mtu jambo ambalo fomu yenyewe ingeweza kulitafuta.

Binti yangu aliweka kikombe chini. "Inaweza kuangalia ndani ya folda," akasema, kama anayejisemea mwenyewe.

Jumamosi ya pili aliiandika upya kwa aina nyingine ya paneli, iliyo ngumu zaidi lakini yenye akili. Katika aina hii kila kijisehemu cha fomu huitwa nobu, kama ile ya redio inayozungushwa: kuna nobu ya maandishi, ya namba, ya orodha, ya kutia alama, na ya kitufe. Tofauti kubwa ni kwamba paneli hii husikiliza. Kila mtu anapogusa nobu yoyote, sehemu fulani ya maandishi yako huitwa papo hapo, nawe unaweza kuamua la kufanya kabla hajafika kwenye kitufe cha kubali. Tena inaweza kubandikwa pembeni mwa dirisha kubwa, ikakaa hapo siku zote badala ya kutokea na kutoweka.

Jina la kipande halikuandikwa tena kwa vidole. Paneli ilisoma folda zilizopo na kuleta orodha, mtu achague. Mara tu alipochagua, paneli ilikwenda kutazama matoleo yaliyopo, ikachukua namba kubwa kuliko zote, ikaongeza moja na kuionyesha. Namba hiyo iliweza kuonekana lakini si kuguswa. Na kama kwa sababu yoyote faili lenye jina hilo lilikuwepo tayari, paneli ilikataa.

Hapo pa kukataa tulibishana. Yeye alikuwa ameandika neno moja tu, "Kosa". Mimi nimewaona watu wazima wakilia dirishani kwa sababu ya karatasi iliyorudishwa bila maelezo. Nilisisitiza iseme kosa ni lipi na mtu afanye nini sasa. Pia nilimfanya apange maswali kwa utaratibu ule ambao mtu anayapata majibu. Pale kazini kwetu tuliwahi kuletewa fomu iliyouliza jina la ndugu wa karibu kabla ya jina la mgonjwa mwenyewe. Kila siku watu waliandika vibaya, na kila siku walilaumiwa wao.

BAADA YA HAPO

Zile dakika 8 zilishuka zikawa chini ya moja. Ningependa kukuambia kwamba basi mambo yote yakanyooka, lakini msimamizi alipoona kazi inakwisha upesi aliongeza kazi. Ni mkwe wangu aliyemshauri mkewe aende na daftari. Alikuwa ameandika humo muda wa kila kipande kabla ya paneli na baada yake, kwa wafanyakazi wote wanne. Hakwenda kulalamika. Alifungua daftari mezani, akaomba siku 3 kwa wiki atoke saa kumi na moja jioni akanyonyeshe. Alizipata. Siku nyingine 2 aliendelea kuchelewa, na zile siku 2 baba mtoto alijua mapema, maziwa yakakamuliwa ya kutosha, na hakuna aliyekaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Nilirudi Mombasa mwezi uliofuata.

Mwaka 2021 alinipigia simu. "Mama, fomu yetu imekufa." Nuke ilikuwa imetoa toleo la 13, na toleo hilo likaacha Python ya zamani na kuchukua Python 3. Mambo madogo yaliyokubaliwa zamani sasa yalikataliwa, kwa mfano amri ya kuchapisha maneno, ambayo katika lugha mpya lazima maneno yake yawekwe ndani ya mabano. Ilimchukua alasiri moja kuyapitia. Wakati huo mjukuu alikuwa akikimbia, nami nilimsikia nyuma ya simu akidai kubofya.

Kama nyumbani kwako kuna kijana anayependa mambo haya, si lazima umnunulie kitu cha bei kubwa. Blender ni programu ya bure kabisa, ina sehemu ya kuunganisha picha, na inakubali mtu kuandika paneli zake kwa Python ile ile. Nuke nayo ina toleo la bure la kujifunzia lisiloruhusiwa kutumika kibiashara, na picha zake haziwezi kuzidi upana wa 1920 na kimo cha 1080. Anachohitaji ni kompyuta yenye nguvu ya kutosha na mtu wa kukaa karibu naye akimwuliza maswali kama lile langu la kughairi. Huyo mtu si lazima ajue kompyuta.

Faili ile bado ipo kazini kwake. Katika Python, mstari unaoanza na alama ya # hausomwi na kompyuta, umewekwa kwa ajili ya binadamu atakayefungua faili baadaye. Mstari wa kwanza wa faili lake unaanza na alama hiyo, kisha umeandikwa: usimwulize mtu kilichomo daftarini.